Barua ya wazi kwa Sensori Appius Claudius: vipi kuhusu Plautius?

Mheshimiwa Appius Claudius Caecus,
Sensori wa Roma, 312 KK

Shikamoo mzee. Sikuandikii kuisifu barabara yako ya kutoka Roma hadi Capua. Imeshasifiwa vya kutosha, na inastahili. Nakuandikia kuhusu maji, na kuhusu mwenzako Gaius Plautius.

Mlishika usensori wawili, cheo cha kuhesabu raia na kupanga orodha ya maseneta, kwa miezi 18 ya kisheria. Plautius ndiye aliyetafuta chemchemi hadi akazipata, ndiyo maana wakambandika jina la Venox. Muda ulipoisha aling'atuka, akiamini nawe unang'atuka. Ukabaki! Frontinus, aliyesimamia maji ya Roma karne nne baadaye, anasema ulipiga chenga baada ya chenga mpaka barabara na mfereji wa maji vikakamilika. Mfereji wa kilomita 16 hivi, karibu wote chini ya ardhi, ukaitwa Aqua Appia. Plautius akatoka mikono mitupu.

Publius Sempronius, tribuni, yaani mtetezi wa watu wa kawaida, alitaka kukutia ndani kwa kung'ang'ania cheo. Wenzake watatu wakakukingia kifua. Orodha yako ya maseneta, iliyowaingiza wana wa watumwa walioachwa huru, ilikataliwa na makonsuli, watawala wakuu wa mwaka, waliofuata. Katika hilo niko upande wako. Ila wapiga zumari wa ibada je? Nyinyi masensori mliwakataza kula hekaluni kwa Jupiter kama ilivyokuwa desturi yao, wakagoma na kuhamia mji jirani wa Tibur. Ikabidi waleweshwe divai, warudishwe Roma kwa mikokoteni wakiwa usingizini. Walikukosea nini watu wale?

Vitani, uniwie radhi, sikuhesabu miongoni mwa majemadari wakubwa. Mwaka 296 KK, ukiwa konsuli kwa mara ya pili, konsuli mwenzako Lucius Volumnius alikufuata Etruria, kaskazini mwa Roma, kukusaidia, ukamwambia hukumwita. Askari wako wenyewe ndio waliomsihi asiondoke. Mkashinda pamoja, nawe katikati ya mapigano ukaweka nadhiri ya kumjengea hekalu Bellona, mungu wa kike wa vita.

Ninapokuvulia kofia ni siku ulipopelekwa Seneti, mzee na kipofu, ukawazuia wasikubali amani na Pyrrhus, mfalme wa Epirus aliyeivamia Italia, maadamu jeshi lake limo Italia. Siku hiyo hukuwa na cheo cha kung'ang'ania, na bado walikusikiliza.

Basi barabara baki nayo. Kwenye maji, naomba jina la Plautius liandikwe kando ya lako.

Wako katika historia,
Msomaji