Impakti ya kwenda nayo traki isichaguliwe kwa ukubwa wa namba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu ushauri mliotoa kwenye ukurasa wa magari, kwamba mtu anayeenda kukimbiza gari lake traki, yaani kwenye uwanja wa mbio za magari, na anatafuta impakti, ile mashine ya betri ya kufungulia nati za tairi, anunue tu ile yenye nguvu kuliko zote, basi, kamaliza. Hapana jamani. Nimebadilisha tairi pembeni ya traki miaka mingi, ushauri huo unaweza kumharibia mtu gari na siku yake nzima.

Tuanze na nati yenyewe. Gari ndogo nyingi nati ya tairi inakazwa kati ya Nm 100 na 140 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), namba kamili ipo kwenye kitabu cha gari. Sasa impakti iliyoandikwa Nm 1000 na kitu unaenda kuifanyia nini hapo? Hiyo ni ya malori na mitambo, na ukishaweka betri inafika kilo 3 au inapita, na wewe unaishika umechuchumaa, tena sio mara moja, nati 5 kila tairi ni 20 za kufungua na 20 za kurudisha, na kama umekuja na tairi za barabarani, asubuhi unavalisha za mbio alafu jioni unazirudisha zile za barabarani, hapo umeshagusa nati mara 80 kwa siku moja. Mkono utakwambia wenyewe. Ya saizi ya kati, zile za Nm 400 mpaka 600 hivi zenye kichwa cha nusu inchi, inatosha kabisa, inafungua hata nati iliyobana, na mkono unabaki na nguvu ya kushika usukani.

Alafu hizo namba za kwenye boksi zisomwe vizuri. Mara nyingi ziko mbili, ya kufungua na ya kukaza, na ya kufungua ndo kubwa na ndo inayoandikwa kwa maandishi makubwa. Tena hiyo nguvu sio ya kusukuma kama spana ya mkono, ndani kuna nyundo inazunguka inagonga kichwa mara nyingi sana kwa dakika, kwa hiyo ukiweka ekstensheni ndefu (fito ya kurefushia) au adapta ya kuunganishia, sehemu ya kila pigo inapotelea humo na nati inapata pungufu. Volti nazo hivohivo, betri ya 18 na ile inayoandikwa 20 ni kitu kimoja, ndani ni seli 5, ile 20 ni pale betri imetoka tu kwenye chaji imejaa. Mtu asiongeze hela kwa sababu ya hiyo 2.

Najua hii hamu ya mashine kubwa inatoka wapi, watu wanaona mbio za Formula 1, timu ya McLaren walibadilisha tairi nne kwa sekunde 1.80 kule Qatar mwaka 2023, na sisi tunataka ule mlio. Lakini kule gurudumu lina nati moja ya katikati na bunduki zao za kufungulia nati zinaendeshwa na hewa. Hata NASCAR, zile mbio za Marekani, daraja lao la juu la Cup lililokuwa na nati 5 limehamia nati moja tangu 2022. Gari lako na langu bado lina boliti nyembamba 4 au 5, na hizo ndo zinaumia.

Mimi yalinikuta. Gereji moja ilinifungia tairi kwa bunduki ya hewa mpaka mwisho, hakuna aliyepima, nikaondoka nimefurahi kwamba zimekaza. Nafika traki nafungua, boliti ya habu, pale katikati tairi linapofungiwa, ikakatika kama kijiti, ya pili ikatoka na nyuzi zimeliwa. Siku ikaishia hapo, nilishinda nimekaa nikiangalia wenzangu wanaingia na kutoka. Boliti ikishavutwa kupita kiasi hairudi ilivyokuwa, siku unayoivuta inaweza isikatike, inakatika siku nyingine, na Mungu apishe mbali isiwe uko kwenye kona.

Kwa hiyo anayenitaka ushauri namwambia hivi, kabla ya impakti nunua toki renchi, ile spana ya kupimia mkazo. Impakti kazi yake kubwa ni kufungua. Kwenye kufunga unaanzisha nati kwa vidole mizunguko kadhaa ili isiingie upande, alafu impakti kwenye gia ya chini kabisa, yaani kiwango kidogo cha nguvu, inaifikisha tu kwenye rimu, unaruka nati moja moja kwa mtindo wa nyota, unashusha gari, unamalizia kwa toki renchi. Ndo maana mimi naangalia zaidi kama mashine ina gia za nguvu na kama ina ile ya kujizima, zipo zinazosimama baada ya mapigo machache ukikaza na zinazopunguza mwendo zenyewe nati ikishalegea isirukie mbali. Hilo lina faida kubwa kuliko Nm 500 za ziada.

Na joto, hili watu wanalisahau sana. Gari likitoka kwenye mizunguko breki zinachemka na habu na boliti zinachemka nazo, ukikaza muda huo, vikipoa mkazo unabadilika. Acha vipoe alafu pima, na baada ya kuingia traki mara ya kwanza pima tena. Wala usipake grisi kwenye nyuzi kama kitabu cha gari hakijasema, namba ni ileile kwenye spana lakini boliti inavutwa zaidi.

Soketi, vile vikombe vinavyovaa nati, ziwe zile nyeusi za impakti, za kung'aa za mkono zinaweza kupasuka na kipande kikaruka usoni. Ukipata yenye ukuta mwembamba na ganda la plastiki rimu zako hazitachubuka. Na uzibe masikio, hizi mashine zinapiga kelele mbaya hasa ukiwa umeinama karibu na gurudumu.

Betri sina maneno mengi, moja ya Ah 5 (Ah ni kipimo cha chaji inayobeba) inamaliza siku, ya pili iwe ya akiba, zisiachwe juani na usichomeke kwenye chaji betri ambayo bado ya moto. Kama tayari una drili ya kampuni fulani, chukua impakti inayokula betri hizohizo.

Ombi langu kwako Mhariri, mkitoa tena habari za vifaa hivi msiandike ile namba kubwa peke yake. Andikeni na ya kukaza, uzito ikiwa na betri, na ina gia ngapi za nguvu, na kwenye picha hiyohiyo muweke na toki renchi, maana kijana anayenunua impakti ya kwanza anaangalia picha kabla hajasoma maneno.

Msomaji wenu wa siku nyingi