Shoga, hao askari hawakutoka Roma

Newcastle, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako nimeipata, na kifurushi cha kanga na achari nacho kimefika salama, Mungu akubariki.

Umeniambia wanafunzi wako wamekubana: ule ukuta wa Hadrian, mfalme wa Roma, ulioanza kujengwa mwaka 122 kukata kaskazini ya Uingereza toka bahari hadi bahari, walinzi wake walikuwa watu wa wapi? Ukawajibu, Warumi, wa Roma. Hata mimi mwaka jana ningejibu hivyo hivyo, kabla sijaanza kuzurura siku zangu za mapumziko.

Jana nilikwenda South Shields, kwenye ngome ya kale ya Arbeia. Mna jumba dogo la makumbusho, na ndani yake jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Regina. Amechongwa amekaa kwenye kiti cha kusuka, vijiti vya kusokotea uzi viko mapajani, pembeni kikapu cha madonge ya sufu. Mkono mmoja unafungua kisanduku cha vito. Uso umevunjika, haupo. Maandishi ya Kilatini yanasema alikuwa Mkatuvelauni, kabila la kusini mwa Uingereza. Barates, mtu wa Palmyra kule Syria, alimwacha huru kutoka utumwani akamwoa. Kafa ana miaka 30. Kilatini chenyewe, wajuzi wanasema, kimeboronga sarufi. Lakini chini kabisa kuna mstari mmoja kwa lugha ya kwao Barates, umechongwa kwa mkono usiotetereka: "Regina, aliyeachwa huru na Barate, ole." Basi. Pale ngomeni wangapi wangeweza kuusoma? Nilisimama hapo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nahitaji kitu.

Jiwe hilo halitaji kazi ya mume. La pili linataja askari waziwazi: Victor, Mmauri wa Afrika ya kaskazini, kafa na miaka 20, kazikwa na Numerianus aliyemwacha huru. Numerianus mwenyewe alikuwa mpanda farasi wa kikosi cha Waasturi, na Waasturi asili yao ni Hispania. Wote hao kwenye jiwe moja la kaburi, shoga!

Na ukifuata ukuta kwenda magharibi ndiyo wanazidi. Carvoran walikaa wapiga mishale wa Hama, Syria. Birdoswald Wadakia, watu wa Romania ya leo. Burgh by Sands, karne ya 3, kikosi kizima cha Wamauri. Vindolanda, ngome iliyotangulia ukuta wenyewe, walikuwepo Wabatavi wa Uholanzi na Watungri wa Ubelgiji, nao wameacha barua zao za wino kwenye vibao vyembamba vya mti. Masclus anamwomba mkuu wake awaagizie bia, wenzake wameishiwa. Mwingine ametumiwa soksi, makubadhi na chupi mbili. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu nikikumbuka kifurushi chako.

Kwa nini wapelekwe mbali hivyo? Wabatavi waliasi kwao mwaka 69, na tangu hapo Roma haikupenda kumwachia askari bunduki karibu na mama yake, bunduki nasema kwa mfano tu. Unajua mwenyewe, mtoto wa Tanga ulivyopangiwa Mpanda. Ila wewe hukufungwa miaka 25. Wao ndiyo muda waliotumikia, wakimaliza wanapewa uraia wa Roma, umeandikwa kwenye bamba la shaba.

Waonye wanafunzi lakini, jina la kikosi lisiwadanganye. Miaka ikienda nafasi zilijazwa na vijana wa jirani, jina likabaki lile lile. Ni kama gesti ya Korogwe kuitwa Mwanza: usitegemee kumkuta Msukuma mapokezi.

Picha ya jiwe la Regina nimeiweka humu kwenye bahasha. Ule mstari wa mwisho usiuanzie kushoto. Herufi za Palmyra zinatoka kulia, kama zile barua za babu yako tulizokuwa tukizichungulia sandukuni.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Rukia