Barua kwa dada yangu: usiku niliuomba mwenyewe

Dada yangu, shikamoo.

Nimesikia kwa shangazi kwamba umemkataza binti yetu kwenda kusomea uuguzi na ukunga, ilhali nafasi ya chuo ameshaipata, na kwamba sababu uliyompa ni mimi. Ulimwambia, "Humwoni mama yako mdogo anavyokesha?" Ningekupigia, lakini mimi na wewe tukipigiana simu maneno huishia kwenye shamba la Muheza, na leo sitaki kufika huko. Nakuandikia hapa, ambapo na yeye atasoma.

Nianze na arobaini ya mama. Tulikuwa uani, wewe unachambua mchele, mimi namenya vitunguu saumu, na binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka tisa, amekaa katikati yetu akikushikia beseni. Shangazi akauliza, kwa sauti ile ya kuulizia jambo analolijua, ni nani huwalaza wanangu nikiwa kazini. Kabla sijafungua kinywa ukanijibia: "Msimlaumu jamani, ni shida tu. Hakuna mama anayependa kuwaacha wanawe usiku." Najua ulikuwa unanikinga. Wanawake wakaguna kwa huruma, nami nikainama na kusema, "Ndiyo, tutafanyaje." Tulipokuwa tunarudi Dar es Salaam, basi liliposimama Segera, mtoto akaniuliza, "Mama, kumbe kazi yako huipendi?"

Dada, nimekusamehe mengi, nawe umenisamehe mengi zaidi. Swali lile bado linanikaa kooni, na siku zote nimekulaumu wewe kwa ajili yake, ingawa aliyesema uongo pale uani ni mimi.

Zamu ya usiku niliiomba. Nilikwenda mwenyewe kwa muuguzi kiongozi wa wodi nikamwomba anipangie usiku kila ratiba inaporuhusu. Wala si fedha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mtu anayefanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi aongezewe asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa ya usiku, na nyongeza ya namna hiyo haimtoi mama nyumbani kwake. Naupenda usiku wa leba. Mchana kuna wanafunzi, vikao, na ndugu waliojaa mlangoni na vyakula. Usiku tunabaki wakunga wawili, na daktari wa zamu yuko jengo jingine. Kila nusu saa nainama, naweka pembe ya kusikilizia juu ya tumbo la mama, nabana sikio langu hapo na kuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto kwa dakika nzima, nikitaka yawe kati ya 110 na 160, kisha natia nukta kwenye patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu wa kujifungua. Mama wa usiku hukwambia mambo ambayo mchana asingeyasema, naye hukushika mkono bila kuona haya.

Kuna mtoto mmoja alizaliwa saa kumi kasoro, akatoka kimya. Nilianza kumkausha kwa kanga aliyokuja nayo mama yake, lakini ilikuwa mpya, bado ina wanga wa dukani, haifyonzi maji, nikaitupa na kuchukua nyingine. Nikamsugua mgongo, kimya. Nikakata kitovu, nikamlaza, nikamnyoosha kichwa, nikamwekea barakoa na kuanza kumpa hewa kwa mfuko, kwa sababu tumefundishwa kwamba dakika ile ya kwanza haifai kupita hivi hivi. Alipolia, mama yake aliniuliza kama anayelia ni wa kwake. Ni usiku kama huo uliotaka niuombee radhi mbele ya shangazi.

Utaniuliza, na umeshaniuliza, wangu je? Usiku wa degedege ulikuwa kwangu, shemeji yako yuko safarini, ukambeba mwanangu mgongoni mpaka zahanati, na mimi simu iko kabatini. Nilipoitoa asubuhi nikakuta umepiga mara kumi na tatu. Deni lile nitakufa nalo. Lakini homa ingeweza kumpandia mchana nikiwa sokoni, na hakuna ambaye angelaumu soko. Baba alivua dagaa. Mwezi ukiwa giza alibeba karabai yake jioni na kurudi jua limepanda. Tulikuwa naye usiku siku za mbalamwezi tu. Sikumbuki mtu aliyemuuliza nani anatulaza.

Nikiingia asubuhi naondoka wanangu wamelala. Nikitoka zamu ya usiku, nalala mpaka saa nane mchana, nao wakirudi shule wananikuta mlangoni, tunakula pamoja, nakagua madaftari, na saa moja jioni ndipo ninapoondoka. Pengine nahesabu hivi kwa sababu nataka hesabu initoshe, lakini ndiyo hesabu niliyonayo.

Binti yetu simfichi kitu. Mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya usiku miongoni mwa mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 ikarudia kusema hivyo. Inapofika saa kumi alfajiri mwili unapoa na mkono unakuwa mzito, kwa hiyo dawa ya saa hiyo isomwe na watu wawili kabla haijaingia kwenye bomba la sindano. Dirisha langu nimelitundikia blanketi jeusi, na usingizi wa mchana naulinda kama dozi. Kuna usiku ambao tumempoteza mama, na nimerudi nyumbani nikapika chai nikashindwa kuinywa. Hayo yote mwambie. Usimwambie kwamba nateseka.

Wiki hii naingia usiku mpaka Jumamosi. Mpe simu akipenda anipigie, au nipigie wewe, ila iwe baada ya saa nane mchana.

Mdogo wako.