Kabla ununue kompyuta ingine, shusha rezolusheni kwanza

Mhariri,

Naandika nikiwa hapa Kondele, Kisumu, na hii maneno imeniuma sana juu vijana wetu wanaliwa pesa hivihivi. Mpwa wangu ako na laptopu ya ex-UK, gemu ya mpira ilikuwa inacheza fiti kabisa, lakini tangu auziwe tivii ya 4K akaiunganisha nayo gemu ikaanza kukwamakwama, akapeleka kwa fundi mjini akaambiwa mashine imechoka alete elfu 15 apewe ingine.

Mashine haikuwa imechoka! Picha ya kompyuta ni vidoti vidogovidogo, ndio pikseli, na idadi yake kwa skrini ndio rezolusheni. Grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha, lazima ipige hesabu ya rangi ya kila kidoti, ikimaliza inaanza upya, na gemu ikitaka kwenda laini ni kama mara 60 kwa sekunde moja. Skrini ya ile laptopu ni 1366 kwa 768, yaani vidoti milioni moja na kidogo. 4K ni 3840 kwa 2160, zidisha mwenyewe uone, ni zaidi ya milioni 8. Karibu mara nane! Ni kama umwendee mama anayekaanga samaki wa ngege pale ufuoni Dunga, jiko ni lilelile, karai ni lilelile, halafu umwambie sahani nane zitoke kwa muda wa sahani moja.

Na laptopu zenyewe nyingi hazina kadi ya grafiki, grafiki iko ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na inatumia RAM, yaani memori, hiyohiyo Windows inatumia. Tena zile za kitambo HDMI yake, pale unachomeka waya ya tivii, ni toleo la 1.4, hiyo 4K inapitisha mara 30 pekee kwa sekunde, sasa hata grafiki ijikaze aje haitasaidia.

Nilichofanya ni kuingia kwa setingi, nikaweka Windows 1920 kwa 1080, ndani ya gemu nikashusha hadi 1280 kwa 720, na gemu ikarudi vile ilikuwa, bila kulipa hata shilingi. Picha inapoteza ukali kidogo, hiyo ni kweli na sitaficha, ndio maana gemu ikiwa na setingi ya renda skeli, ile inapunguza vidoti vya mchezo bila kugusa maandishi, heri ushushe hiyo peke yake, maandishi yatabaki safi.

Lakini ukishusha na uone spidi haijasonga popote, basi shida haiko kwa grafiki, angalia prosesa au joto na vumbi ndani ya feni, hapo sasa fundi ako na kazi ya kufanya.

Kwa sinema 4K ni tamu, sijakataa. Naomba tu wale wanaouza hizi skrini, kabla wapokee pesa ya kijana, wamuulize ataiunganisha na kompyuta gani na ni ya kufanya nini.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu