Oda za Marekani zikienda, fundi wa EPZ hana pa kubisha

Mhariri,

Naomba nafasi niongee kwa niaba yangu na ya wenzangu wa laini moja ya kushona jinzi hapa EPZ ya Athi River, eneo la viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuza nje. Nimeshona miaka tisa, kazi yangu ilikuwa mifuko ya nyuma, na mwezi wa kumi kontrakti ilipoisha tukaambiwa tu pale getini tungojee kupigiwa simu kwa sababu oda za Marekani zimepungua. Simu haijapigwa mpaka leo. Kiwanda sitakitaja maana hili si jambo la kiwanda kimoja, ukitembea Mlolongo ama Kitengela utakutana na mafundi wengi wanangojea simu kama hiyo.

Kila mtu anajua kilichotokea. AGOA, sheria ya Marekani ya kuruhusu bidhaa za Afrika kama nguo zetu kuingia kwao bila ushuru, ilianza mwaka wa 2000, ikaongezwa muda 2004 na tena 2015, ikafika mwisho Septemba 30, 2025, na kabla ya hapo Aprili Marekani ilikuwa imeshatuwekea ushuru wa asilimia 10. Mimi sikukosea tageti, supavaiza hajawahi kuniandikia barua, lakini watu wamekaa Washington wakaamua ama wakakosa kuamua na mimi nimemwaga unga huku.

Nikaenda ofisi ya leba kuuliza kama kuna chochote cha serikali kwa mtu kama mimi. Nikaelezwa Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, kwamba mtu akipunguzwa kazi lazima apewe notisi ya mwezi mmoja na alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya. Nikafurahi, nikapiga hesabu, miaka tisa mara siku 15! Halafu nikaulizwa kontrakti yangu ilikuwa ya muda gani. Ilikuwa ya miezi sita, na kabla yake ya miezi mitatu, na kabla yake pia miezi mitatu, na katikati tulikuwa tunapumzishwa wiki moja ama mbili halafu tunasaini upya. Kumbe kontrakti ikiisha yenyewe huhesabiki kama umepunguzwa, muda umeisha tu. Kwa hivyo miaka tisa yote imekuwa sifuri. Hapo ndipo nililia Mhariri, si getini, getini nilikuwa na moyo bado.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kwa simu usiku watoto wakilala, nikapata kitu ambacho wabunge wetu sijawasikia wakikitaja. Hao hao Wamarekani wana sheria ya wafanyakazi wao walioumizwa na biashara ya nje, walianza nayo mwaka wa 1962 wakati wa Kennedy, ikapanuliwa 1974. Kiwanda kikifungwa kwa sababu bidhaa za nje zimejaa, ama kazi ikihamishiwa nchi nyingine, wafanyakazi watatu tu wanaweza kujaza fomu wenyewe na kuipeleka, hawangoji mwajiri akubali, mradi isipite mwaka mmoja tangu waachishwe. Wizara ya leba inachunguza, na ikithibitisha, kundi lote la kiwanda kile linahesabika, na hapo mtu anaweza kulipiwa mafunzo ya kazi mpya, akapewa pesa ya kujikimu akiwa darasani baada ya malipo ya kawaida ya kukosa kazi kuisha, na akasaidiwa nauli ya kutafuta kazi mbali na ya kuhama. Hata mzee wa miaka 50 na zaidi akipata kazi yenye mshahara mdogo kuliko wa zamani alikuwa anaweza kujaziwa nusu ya tofauti, mpaka dola 10,000 kwa miaka miwili.

Sisemi kwao ni peponi. Tangu Julai 1, 2022 mpango huo hauthibitishi maombi mapya kwa sababu Bunge lao halikuuongezea muda, kwa hivyo hata fundi wa kule akiachishwa leo anabisha mlango uliofungwa. Lakini angalau mlango uliwahi kujengwa, na uliwekwa mahali mfanyakazi mwenyewe anaweza kuufikia.

Huku kwetu kiwanda kikiingia EPZ kinapewa miaka 10 bila kodi ya mapato, halafu miaka mingine 10 kwa asilimia 25, na vitambaa na mashine vinaingia bila ushuru. Sipingi, bila hiyo pengine nisingepata kazi. Nauliza tu, kama serikali iliweza kufikiria mwekezaji siku ya kuingia, mbona fundi hakufikiriwa siku oda zinapotoka? Na si mara ya kwanza, Januari 2005 kota za nguo duniani, yaani vikomo vya kiasi ambacho nchi iliruhusiwa kuuza nje, zilipoondolewa na China ikachukua soko, viwanda vilifungwa hapa hapa Athi River na mafundi wakaenda nyumbani mikono mitupu, miaka 20 imepita na sisi tumefuata njia ile ile.

Tusinakili ya Marekani neno kwa neno, maana wao wanauliza kama bidhaa za nje zimeingia, na sisi wa EPZ tunaumia soko la nje likifungwa. Iandikwe imguse yeyote aliyepoteza kazi kwa sababu ya ushuru ama mkataba wa biashara, wa EPZ na hata yule wa kiwanda cha ndani anayebanwa na nguo za kuingia. Na kustahili kusipimwe kwa kontrakti, kupimwe kwa rekodi za NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, pale miezi yangu yote iko, hata ile ya kontrakti fupi. Kule Tanzania mwanachama wa mfuko wao wa hifadhi ya jamii aliyechangia angalau miezi 18 akipoteza kazi bila kosa lake anaweza kupata kama theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Mimi nina miaka 34 na hela yangu ya NSSF naambiwa ningoje nifike 50.

Pesa ya mafunzo nayo kuna mahali pa kuanzia. Kila mwajiri anatakiwa kulipa Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwenda NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Nimehesabiwa kwenye hiyo tozo miaka tisa. Naomba Wizara ya Leba na NITA watujibu kupitia gazeti hili kama aliyekuwa anahesabiwa akiwa na kazi anaweza kufundishwa sasa akiwa hana. Nataka kujifunza kukata patani, ndio kazi bado inayotafutwa na mafundi wadogo wa huku mtaani, na karo sina.

Aliyekuwa fundi wa kushona,
Athi River