Mtungi wa gesi ndani ya ghala la mahindi?

Mhariri, naandika toka Mafinga. Mwezi uliopita kikundi chetu tulifungiwa hita ya gesi ya kukaushia mahindi maana huku na baridi hii na ukungu, ukisubiri jua yanaota kuvu, sasa fundi kaja kaweka mtungi humohumo ndani ya ghala, hatua mbili toka kwenye moto, mpira kaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli! Nikapaka povu la sabuni pale kwenye maungio, mapovu yakaanza kufura kama maandazi. Fundi eti "kidogo tu hiyo mzee".

Kidogo wapi? Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujaa kwenye mashimo inasubiri cheche. Mtungi ukae nje, wima, na makapi yafagiliwe mbali na moto. Feni ya hita iwashwe kwanza ndo moto ufuate, ukizima funga gesi kwanza feni iendelee kidogo. Na jamani msilale mle ndani kuota joto, hewa ya sumu ya moto haina harufu.

Yule fundi hela yake ya mwisho bado tunayo, aje ahamishe mtungi kwanza.

Mkulima, Mafinga