Jeni za uvimbe sio jeni za mtu, Mhariri

Mhariri, miaka yote nasoma gazeti lenu sijawahi kuwaandikia, lakini ile habari yenu ya jeni zinazotabiri nani atapona saratani kwa tiba ya kinga (dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipambane na uvimbe), hapana, hii siwezi kunyamaza.

Mama yangu mdogo anaumwa saratani ya mapafu. Kuna ndugu alikuja kumwona wodini na gazeti lenu, kalikunja palepale kwenye hiyo habari, kamwachia kitandani. Kasoma, karudia, halafu ananiuliza "kwa hiyo nimezaliwa na jeni mbaya, na wanangu je?" Usiku huo hakulala! Na daktari alishatueleza vizuri tu kwamba kinyama kilichokatwa kilionyesha mabadiliko kwenye jeni ya EGFR, yametokea humohumo ndani ya uvimbe, hakurithi kwa mtu, na uvimbe wa hivyo mara nyingi hauzisikii dawa za kinga ila una vidonge vyake. Ninyi mmeandika "jeni za mgonjwa" mwanzo mpaka mwisho kana kwamba ni kitu kimoja. Za kurithi zipo, sikatai, mfano wenye Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani, wanazaliwa na kasoro kwenye jeni za kurekebisha makosa ya DNA, lakini sasa uvimbe wao ndio mara nyingi unaitikia tiba ya kinga kuliko wa wengine, hilo nalo hamkuligusa.

Halafu "nani atapona" mmeitoa wapi? Mwaka 2020 Marekani waliruhusu pembrolizumab, moja ya dawa za kinga, kwa uvimbe uliosambaa wenye mabadiliko 10 au zaidi kwa kila herufi milioni za DNA, na kwenye utafiti waliotumia, ambao uvimbe wao ulipungua hawakufika hata theluthi. Na wasio na alama hiyo wapo wanaopata nafuu. Huo ni uwezekano, sio hukumu.

Na maabara nao, mgonjwa anakabidhiwa makaratasi yamejaa herufi na namba, hakuna wa kukaa naye amsomee, ndo maana anakimbilia magazetini.

Naomba kila habari ya saratani kabla haijatoka isomwe na muuguzi wa wodi ya saratani, sio profesa, muuguzi, yeye ndiye anayeulizwa maswali saa nane usiku. Na juu ya kila habari wekeni kisanduku: jeni ni za uvimbe au za kurithi, saratani ipi, na wangapi dawa haikuwasaidia. Hiyo ya juzi isahihisheni ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile.